Nani mwenye shimo la udongo?

*Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa vina soko, vina sifa na vina wajuzi. Ardhi inayovitoa ndiyo inayozidi kupata wenyewe wengine.*

Jumamosi ni siku ya vyungu huko Lyulilo. Kijiji hiki kiko jirani na Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, na mzigo wa gulio lake huingia kwa maji. Mitumbwi huja kutoka Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, vyungu vikiwa vimepangwa na kutandikiwa majani makavu visigongane njiani.

Mnunuzi aliyezoea hashughuliki na mapambo kwanza. Hukishika chungu mdomoni, hukiinua, hukigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hutoa mlio mkali unaodumu kidogo. Chenye ufa, hata ule ambao jicho halijauona, hutoa mlio mfupi uliofifia, na hapo hukirudisha chini bila maneno.

Kisha huanza bei. Muuzaji ana hesabu yake kichwani: siku za kufinyanga na kuanika, kuni, vyungu vilivyopasuka motoni, nafasi kwenye mtumbwi. Kitu kimoja hakimo kwenye hesabu hiyo, nacho ni udongo. Haukununuliwa. Ulichimbwa, ukabebwa kichwani, basi.

Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu. Lakini ardhi inayotoa udongo mzuri, yaani mabonde, kingo za mito na mwambao wa maziwa, ndiyo ardhi ambayo sasa kila mtu anaitaka. Mkulima wa mpunga anaitaka, mfyatua matofali anaitaka, mjenzi wa hoteli anaitaka, na ofisa wa mazingira anataka wote hao waondoke. Katika foleni hiyo mfinyanzi ndiye asiye na karatasi hata moja mkononi.

## Watu wa chungu na samaki

Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba ambako milima imeshuka moja kwa moja hadi majini. Mahali pa kulima ni haba. Jirani yao, kwenye tambarare ya Kyela na vilima vya Rungwe, Wanyakyusa wana mpunga, ndizi na mahindi. Biashara ikajipanga yenyewe: samaki na vyungu vinakwenda, chakula kinarudi.

Kabla fedha haijashika usukani, sehemu nyingi za Afrika Mashariki kipimo cha bei kilikuwa chungu chenyewe. Unakijaza nafaka, nafaka anachukua mfinyanzi, chungu kinabaki kwako. Ni bei ambayo hata mnunuzi mbishi hakuwa na pa kuanzia.

Ufinyanzi hapa ni kazi ya wanawake, na shule yake ni uani. Mwanaakiolojia Simon Waane, ambaye baadaye aliongoza Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, aliuchunguza ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe na kuandika juu yake katika miaka ya 1970. Mwanaakiolojia ana sababu nzuri ya kukaa na mfinyanzi aliye hai. Nguo huoza na nyumba ya miti huliwa na mchwa, lakini kigae hubaki ardhini kikisubiri kuulizwa.

Ndiyo maana Urewe, mahali padogo huko Siaya nchini Kenya, pamo katika vitabu vya historia ya Afrika. Vigae vya aina iliyopewa jina la mahali hapo kandokando mwa Ziwa Victoria vina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na waliovifinyanga walikuwa wakulima waliojua pia kuyeyusha chuma. Kwale, pwani ya Kenya, nayo imetoa jina lake kwa vyungu vya wakulima wa kale wa ukanda wa pwani. Wote hao walitegemea udongo wa karibu na walipolala.

## Udongo hauokotwi tu

Anayedhani udongo wowote unafaa kwa chungu ajaribu kimoja. Mfinyanzi hutafuta mahali panapotuamisha maji masika na kupasuka mapande mapande kiangazi. Tabaka la juu, jeusi na lenye mizizi, huondolewa. Chini yake hutafutwa tabaka la kijivu au la manjano linalong'ang'ania jembe.

Jaribio ni la papo hapo. Donge hulowanishwa, huviringishwa mpaka liwe msokoto mwembamba, kisha msokoto huo huzungushwa kidoleni. Ukikatika, mchanga umezidi. Ukizunguka bila kupata ufa, kuna matumaini. Wengine hutia chembe mdomoni. Meno hutambua mchanga upesi kuliko macho.

Udongo laini kupita kiasi nao una balaa lake. Hunywea sana unapokauka na kujipasua wenyewe. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga, au na vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa na kuchekechwa. Kiasi gani? Mkono ndio unaojua. Shimo la leo halifanani na shimo la mwaka juzi, na aliyehamishwa shimo huanza kujifunza upya kipimo ambacho bibi yake alikuwa amekimaliza.

Kuna adui mdogo zaidi: punje nyeupe za chokaa. Motoni punje hiyo hugeuka chokaa kali, kisha polepole hunywa unyevu wa hewani, huvimba na kubandua kipande cha ukuta. Chungu kinaweza kutoka motoni salama, kikasifiwa, kikauzwa, halafu kikamumunyuka rafuni kwa mteja wiki kadhaa baadaye. Ukikuta mfinyanzi ameinama juu ya udongo mbichi akichambua vijipunje kwa kucha, usidhani anapoteza muda.



Udongo ukiwa tayari, kitako hukandwa juu ya kigae kinachozunguka kirahisi, kisha kuta hupandishwa kwa misokoto, mmoja juu ya mwingine, kidole gumba kikiziba maungio kwa ndani huku kiganja kikishikilia kwa nje. Kipande cha kibuyu hupara na kusawazisha. Baadaye, udongo ukiwa umekaza lakini haujakauka, kokoto laini ya mtoni husuguliwa juu yake mpaka ung'ae. Kokoto hiyo haipotei ovyo, kuna wanaoirithi.

Chungu huanikwa kivulini siku nyingi, na Kyela si mahali pa kuanika kitu kwa pupa, kwani mvua yake ya mwaka hupita milimita 2,000. Unyevu ukibaki ukutani, moto huugeuza mvuke, mvuke hutafuta njia, na chungu hupasuka kwa kishindo na kuvunja majirani zake.

Moto wenyewe ni wa wazi. Vyungu hupangwa juu ya kuni, hufunikwa kwa nyasi, magome au samadi, na huwashwa. Joto likipita nyuzijoto 500 hivi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na tangu hapo hakuna mvua itakayokirudisha chungu kuwa tope. Joko la namna hii hufika kati ya nyuzijoto 600 na 900. Kilichochukua wiki kadhaa kutengenezwa huamuliwa kwa saa chache, mara nyingi jioni upepo ukiwa umetulia.

## Sheria inaliona tofali

Turudi kwenye shimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya eneo hilo. Nia yake haina ubaya. Kingo zinazochimbwa huporomoka, tope hujaza mazalia ya samaki, na mashimo yaliyoachwa wazi huzaa mbu. Wanaoitetea sheria hii wanasema, kwa haki, kwamba ukimfungulia mmoja mlango, wa pili atakuja na lori.

Na lori lipo. Matofali ya kuchoma yanahitaji udongo uleule. Mfinyanzi huchukua beseni moja, pengine mawili, akarudi nyumbani kufanya kazi wiki nzima. Mfyatua matofali huchukua bonde. Akimaliza, shimo lake ni bwawa, na tabaka la udongo ambalo lingewatosha wajukuu wa mfinyanzi limo kwenye kuta za nyumba za mjini.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inautaja udongo wa aina hii miongoni mwa vifaa vya ujenzi, pamoja na mawe, kokoto na mchanga. Anayetaka kuchimba kibiashara huomba leseni ya mchimbaji mdogo, inayotolewa kwa Watanzania pekee na kudumu miaka 7. Ni utaratibu unaomfaa mwenye machimbo. Mwanamke mwenye jembe na beseni hana atakaloandika kwenye fomu ile. Kwa maneno mengine, macho ya sheria yanaliona tofali, chungu yanakipita.

Upande wa ardhi kuna nafuu kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaitambua ardhi ya jumuiya ndani ya kijiji, ile inayotumiwa na wanakijiji wote, na kuiweka mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Shimo la udongo linaweza kabisa kuwa ardhi ya namna hiyo. Lakini linapaswa kutajwa. Malisho hutajwa kwa sababu wafugaji hupiga kelele. Msitu hutajwa kwa sababu una wafadhili. Shimo hukaa kimya mpaka mtu alizungushie uzio.

Wenye mashamba ya mpunga nao wana hoja, na sitaidharau. Bonde likilimwa hulisha watu wengi kuliko vyungu vitakavyowahi kuwalisha. Kijiji chenye vijana wasio na ardhi hakiwezi kuacha ekari nzima ya tope zuri kwa ajili ya wanawake wachache na beseni zao. Swali ni kama ekari nzima inahitajika. Kwa kawaida haihitajiki. Shimo la mfinyanzi ni kona tu ya bonde, na kona hiyo ikipangwa vizuri huzibwa na mafuriko ya masika na kuchimbwa tena.

## Yaliyotokea Rwanda

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii asisome sheria, atazame Rwanda. Batwa, ambao ni chini ya asilimia 1 ya wananchi wa nchi hiyo, walikuwa watu wa msituni. Misitu ilipokatwa au kufanywa hifadhi, nao wakaondolewa bila ardhi ya kutosha, ufinyanzi ukabaki kuwa tegemeo kubwa. Udongo ulitoka kwenye mabonde yenye majimaji. Hakuna aliyeyataka, kwa hiyo hakuna aliyewauliza.

Kisha mabonde hayo yakapata thamani. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliyatangaza kuwa mali ya serikali, na ushirika wa mpunga na mboga ukaingia. Dorothy Jackson, katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuhusu wanawake wa Kitwa katika eneo la Maziwa Makuu iliyotolewa na shirika la Minority Rights Group, alikuwa ameshaeleza jinsi njia za kuufikia udongo zilivyokuwa zinafungwa hata kabla ya sheria hiyo. Waliozoea kuchimba bure wakajikuta wanatakiwa kulipia, au waende mbali, au wachimbe kwa kuibia.

Serikali ya Rwanda ina jibu, na si jibu jepesi kulipinga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 kwenye nchi yenye kilomita za mraba 26,338. Kila bonde linalozalisha chakula lina hesabu yake. Lakini hesabu hiyo ilifanywa bila kumpa mfinyanzi hata kona, na kosa hilo halikuhitaji ardhi nyingi kuliepuka.

 



## Ushauri wa wataalamu

Lipo pia kundi linalotaka kumsaidia mfinyanzi, nalo ni la wataalamu wa viwanda vidogo, na ushauri wao haubadiliki sana: jenga tanuri, nunua gurudumu la kufinyangia, tumia udongo uliosafishwa, paka vyombo rangi ya kung'aa. Kwa vikombe na vyungu vya maua ushauri huo una maana. Tanuri hupunguza vyombo vinavyoharibika, na mvua haiizimi.

Kwa chungu cha kupikia, mambo yanageuka. Chombo kilichochomwa kwa joto kali sana huwa kigumu na kizito kwa ndani, na ukikiweka juu ya mafiga moto ukikilamba upande mmoja, hupasuka. Chungu cha joko la wazi kina vitundu na punje za mchanga ndani ya kuta zake. Ufa unapoanza, hukutana na kitundu au punje na kuishia hapo. Ule “udhaifu” ambao mtaalamu anataka kuuondoa ndio unaokifanya kihimili moto wa mafiga miaka na miaka. Vivyo hivyo kwa mtungi: maji hupenya ukutani, hugeuka mvuke kwa nje na kuondoka na joto, ndiyo sababu maji yake ni baridi adhuhuri. Upake rangi ya kung'aa, nao utabaki na maji ya vuguvugu kama ndoo.

Mahali ambapo mtaalamu na mfinyanzi walielewana ni kwenye jiko. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilifungua soko jipya la kazi ya udongo, na familia nyingi zikaokoa mkaa. Magharibi mwa Kenya vikundi vya wanawake vilifinyanga majiko ya kuni ya Upesi kwa ujuzi uleule wa vyungu. Kilichobadilika ni umbo na mteja. Udongo na mikono ni vilevile.

## Sokoni mambo ni mawili

Sufuria ilimpiga mfinyanzi miaka mingi iliyopita, na ndoo ya plastiki ikamalizia. Sasa linakuja pigo la tatu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu. Ila chungu chenye kitako cha mviringo kilichofinyangwa kwa ajili ya mafiga matatu hakikai juu ya jiko la gesi la sahani mbili. Atakayefinyanga chenye kitako bapa, chepesi, cha kuwekwa juu ya moto mdogo wa gesi, ana wateja mjini, maana walaji wa maharage na samaki wa nazi wa chungu hawajahama.

Huko Ulaya na Marekani, wakati huohuo, kuna wafinyanzi wanaokwenda na koleo kutafuta udongo wa porini, wakiusifu kwa punje zake, madoa yake na harufu ya mahali ulipotoka. Sahani moja ya udongo huo huuzwa ghali. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja nchini Nigeria (mji ambao sasa unaitwa Suleja) katika miaka ya 1970 kujifunza, akiwa karibu na wanawake wa Kigwari waliofinyanga kwa mkono kama Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Leo vyungu vya Odundo, visivyo na rangi ya kung'aa hata tone, hununuliwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni.

Hakuna anayedai kwamba muuzaji wa Lyulilo atauza kwa pauni. Lakini inashangaza kidogo kwamba udongo usiosafishwa umekuwa fahari huko, na hapa bado tunauita ushamba. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na methali hiyo bado ina kazi: anayepata faida ya chungu cha Kisi kando ya barabara kuu ni mchuuzi mwenye gari, halafu mwenye duka, na aliyeubeba udongo hupata kilichobaki.

## Mstari mmoja kwenye mpango

Lipo jambo linaloweza kufanyika bila mradi wala mfadhili. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Mpango huo huonyesha mashamba, makazi, malisho, vyanzo vya maji. Hakuna kinachozuia kuongeza mstari mmoja: eneo la udongo wa vyungu, ukubwa wake, nani achimbe, kina gani, na marufuku ya lori.

Mstari huo ungemsaidia hata ofisa wa mazingira. Badala ya kufukuzana na wanawake mmoja mmoja ndani ya mita 60, angekuwa na eneo moja linalojulikana, lililosogezwa kutoka ukingoni panapowezekana, na watu wa kuwauliza likiharibiwa. Ukijitokeza mgogoro, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, watatu kati yao wanawake kwa mujibu wa sheria, na kazi yake ni kusuluhisha.

Ugumu ni kwamba mipango hii hupitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukaa walau kila baada ya miezi mitatu, na ajenda yake huandaliwa mapema. Wafinyanzi hawana chama kila mahali. Wengi hawajawahi kuomba shimo liandikwe kwa sababu hapo awali halikuwa na mshindani. Wafyatua matofali wana chama, wana simu ya mtendaji, na bei ya tripu moja ya udongo wanaijua kwa shilingi.

Ikifika siku ya mkutano, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa ni yule anayeweza kusema udongo wa bonde lile una thamani gani. Mfinyanzi ana jibu, ila itabidi aanze kuuingiza udongo kwenye bei ya chungu.